Gari Ilikuja Siku 9, Soketi Ikachukua Siku 61

Wasee, kabla mnikumbushe, nakubali. Ni mimi nilipost ile video. Ile ya anko wangu akipewa ufunguo wa gari ya stima, na mimi nyuma ya kamera nikipiga nduru, "Siku tisa! Hapa Nairobi! Siku tisa!" Hakuna video yangu imewahi kutazamwa hivyo tangu niache chuo. Leo nairudia kwa sababu nilishangilia kitu kisichofaa, na kuna watu walinisikiza.

Hadithi ni hii. Anko anaendesha teksi ya apu. Anakaa Woodley, ghorofa ya tatu kwa ploti fulani karibu na barabara ya Joseph Kang'ethe, na wateja wake wengi anawaokota Adams Arcade na Kilimani. Kwa miaka sita amekuwa na Vitz ya petroli. Kila nikipita kwake jioni namkuta na kale kadaftari kake, anahesabu mafuta kama mtu anahesabu madeni ya watu wengine.

Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, na hiyo sipingi. Kwa jam ya Ngong Road, Vitz ilikuwa inakula kama lita saba kwa kilomita 100. Mwaka wa 2025 petroli Nairobi imecheza hapo kwa shilingi 180 lita moja, so weka 1,260. Gari ndogo ya stima inatumia kama yuniti 15 kwa umbali huo huo. Na tangu 2023, EPRA iliweka bei maalum ya kuchaji magari ya stima: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 zile saa za usiku ambazo watu wamelala, kabla ya kodi. Piga 15 mara 16. Ni 240. Mtu wa teksi akiona 1,260 imekuwa 240, halali. Anko hakulala.

Akaenda kwa sacco yake, mkopo ukapita. Akaweka doh ya kuanzia kwa muuzaji mmoja hapa mjini, simtaji. Akaambiwa, "Mzee, hizi gari zina oda nyingi. Ngoja wiki nane, labda kumi." Anko hakukasirika, alifurahi. Wiki nane ndizo alikuwa anataka. Ndani ya hizo wiki nane angeuza Vitz polepole kwa bei nzuri, aongee na mwenye ploti kuhusu soketi pale chini kwa pakingi, na aweke akiba ya fundi, waya na mita.

Siku ya tisa simu ikalia. "Gari yako iko tayari. Kuja uchukue."

Hapo ndipo mimi nikashika kamera.

Kitu sikujua, na Anko alikuwa amekisoma haraka haraka, ni mstari mmoja kwa karatasi za mkopo: malipo ya kwanza ni siku 30 baada ya kupokea gari. Haikuwa siku 30 baada ya gari kuanza kukuingizia doh. Ni baada ya kupokea. Ile siku alitabasamu kwa video yangu, saa ya mkopo ilianza kukimbia, na hakuwa na mahali pa kuchaji.

Sasa tuulize swali ambalo nilifaa kuuliza kabla nipige nduru. Gari inakujaje siku tisa?

Haikujengwa siku tisa, na haikusafiri siku tisa. Hakuna meli inatoka China hadi bandari ya Mombasa kwa hizo siku, na bado kuna kodi, kuna reli ama lori mpaka Nairobi, kuna namba. Gari ikikufikia siku tisa baada ya oda, maana yake ni moja tu: ilikuwa imefika kitambo. Ilikuwa imekaa yadi inapigwa na vumbi, ikingoja mtu. Wewe ulidhani unaingia kwa foleni, kumbe gari ndiyo ilikuwa kwa foleni inakungoja wewe.

Zamani haikuwa hivi. Tesla walipofungua oda za Model 3 Machi 2016, watu waliweka dola 1,000 kila mmoja kwa gari ambayo haikuwepo. Za kwanza zilitoka Julai 2017, na ile ya dola 35,000 iliyofanya watu wapige foleni ikafika 2019. Halafu 2021 chipu za kompyuta zikaadimika dunia nzima, na hata gari ya petroli ukaingoja miezi.

Leo mambo yamegeuka. Viwanda vya China vinatoa magari mengi kuliko wanunuzi wa kwao. Mwaka wa 2024 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya stima ya China. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukaongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 juu ya ile 10 ya kawaida. BYD nao wakaanza kusafirisha kwa ile meli ya Explorer No. 1, inayobeba magari kama 7,000 kwa safari moja. Magari hayo lazima yaende mahali. Na sisi tunaendesha upande wa kushoto, usukani kulia, tunapenda kitu kipya, na petroli imetukamua. Tuko kwa orodha yao, msidhani hatuko.

Sisemi ni njama. Ni biashara, na inaweza kukusaidia ukijua. Gari ikikaa yadi inamla muuzaji: nafasi, riba, na kila mwezi kuna modeli mpya ya betri kubwa na bei ya chini. Kwa hivyo anayekuambia "oda ni nyingi, lipa sasa" halafu anakupigia siku ya tisa, amekuonyesha karata zake zote. Ulikuwa na nguvu ya kupunguziwa bei. Ulikuwa na nguvu ya kusema, "Ikae hapo mpaka niwe tayari." Anko hakusema. Alishukuru. Hata alimbebea yule kijana wa mauzo soda.

Basi tuingie kwa hizo siku 61.

Mwenye ploti ni mzee mpole, lakini akisikia neno betri anaona moto. "Baba Shiru, hiyo kitu ikilipuka usiku, nitawaambia nini hawa watu wengine?" Halafu kuna stima yenyewe. Pakingi iko kwa mita ya ploti, ile inayowasha taa za ngazi na pampu ya maji. Nani atalipa? Nani atajua ni yuniti ngapi zimeenda kwa gari na ngapi kwa pampu? Na ile bei ya shilingi 16 huwezi kuipata kwa mita ya pampu ya maji. Inataka mita yake.

Wiki ya kwanza Anko akateremsha waya kutoka dirishani kwake, ghorofa ya tatu. Manze, mimi mwenyewe niliushika huo waya nikasikia una joto. Mzee akaja saa tano usiku na tochi, waya ukakatwa, na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Tangu hapo Anko akawa anachaji kwa vituo vya umma, vile vichache viko kwa maduka makubwa. Unafika, kuna gari mbili mbele yako. Unakaa saa mbili na nusu ukiangalia apu ikikuletea wateja ambao huwezi kuwachukua. Bei huko pia si 16. Ile 240 kwa kadaftari ikageuka namba nyingine, na siku ya 30 sacco wakakata doh yao bila kuuliza hali. Vitz ikauzwa haraka, elfu 70 chini ya bei aliyokuwa anataka.

Na hii ndiyo maoni yangu, mniambie kama nimepotea: kwa gari ya stima, kasi ya kuletewa si habari. Gari ni ile sehemu rahisi. Habari ni umbali kati ya kitanda chako na soketi yako.

Angalieni bodaboda. Kampuni kama Ampersand, Spiro na ARC Ride hazikuanza kwa kumwambia msee wa boda atafute soketi. Betri si yake. Anaingia kituoni, anatoa iliyoisha, anaweka iliyojaa, anaenda, dakika chache tu. Roam Air nayo unaweza kutoa betri ukapanda nayo mpaka kwa keja. Gari huwezi kupanda nayo ghorofa ya tatu. Angalieni pia mabasi. BasiGo walianza na mabasi mawili tu hapa Nairobi mwaka wa 2022, na mwenye basi analipa kwa kilomita, kuchaji na kutunza betri vikiwa ndani ya hiyo bei. Hao wote waliuliza swali la stima kabla ya swali la ufunguo. Ni kwa magari ya watu binafsi tu ndiyo unapewa ufunguo, unapigwa picha, halafu unaachwa na mwenye ploti wako.

Najua wengine mtasema, si ahamie mahali pana soketi? Sawa. Woodley ya kitambo, zile nyumba za kanjo zenye uwanja wake, ungeegesha mlangoni na kuchaji kwa soketi ya jikoni. Soketi ya kawaida ukiiacha saa nane za usiku inakupa kama yuniti 20, hiyo ni zaidi ya kilomita 120. Inatosha mtu wengi wetu. Lakini wengi wetu tunakaa kwa ghorofa, na ghorofa ndizo zinazidi kuota. Pitia Kilimani uone: jimu iko, bwawa liko, jenereta iko. Uliza soketi ya gari kwa pakingi, mlinzi atakuangalia kama umeomba uwanja wa ndege.

Na kuna mambo ya kesho. Neta V ilizinduliwa Nairobi Juni 2024 kwa shangwe. Mwaka uliofuata, Hozon, kampuni mama yake kule China, ikaingia kwa mchakato wa ufilisi. Gari ya Anko si hiyo. Lakini mkopo wake ni wa miaka minne, na kampuni ya gari inaweza kuanguka ndani ya mwaka mmoja. Waranti ni ahadi, na ahadi inataka mtu wa kuitimiza.

Kwa hivyo ukiambiwa "tutakuletea wiki hii", usishike kamera kama mimi. Uliza gari ilitengenezwa mwezi gani na imekaa yadi tangu lini. Uliza waranti ya betri inaanza siku gani, na ni nani hapa Kenya ataifungua ikiharibika. Soma siku ya kwanza ya mkopo inahesabiwa kutoka wapi. Na kama hauko tayari, waambie wangoje. Ilikuwa inangoja kabla hawajakujua jina.

Sitawaambia haraka haraka haina baraka, hiyo mliandika insha darasa la sita. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, na shangazi zangu bado wanasema nilikimbilia njia ya mkato. Sina shida na haraka. Shida ni haraka ya mtu mwingine, iliyovaa nguo za bahati yako.

Siku ya 61 mzee alikubali. Unajua nini kilimgeuza? Msee wa ghorofa ya pili alikuja na pikipiki ya stima, akauliza swali lile lile. Mzee akapiga hesabu: wapangaji wawili, mita moja ya kando, fundi mwenye leseni, na kila mtu analipa chake. Sasa Anko anachaji usiku, na kadaftari kameanza kuonyesha zile namba alizoota. Ile miezi miwili hairudi, lakini anaendesha.

Muuzaji naye alinipigia. Walikuwa wamependa video, wanataka ya pili, na hii wangelipa. Nikawaambia sawa, lakini hii itakuwa ya soketi. Walisema watanirudia. Bado nangoja, na hiyo si siku tisa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni ujumbe mmoja niliopata baada ya ile video. Kijana wa Umoja, teksi pia. Aliandika, "Bro, nimeona siku tisa nikaamua. Nimeweka doh jana." Nikamuuliza utachaji wapi. Ameisoma. Hajajibu.

Bro, kama unasoma hii: wakikupigia, usiende kuchukua ufunguo kwanza. Teremka chini, umtafute mwenye ploti.