Ageuke Aende Wapi?

Naanza kwa kuungama. Katika kikao chetu kimoja cha kusomeana kazi, mwenzetu alisoma hadithi ya diwani mla rushwa. Ukurasa wa pili diwani akawa nguruwe. Wa tatu akawa anagaagaa kinyesini. Tulicheka, tukapiga makofi, na mimi nilipiga kuwashinda wote. Usiku nikafungua madaftari yangu mwenyewe. Katika hadithi sita nilizoandika, nguruwe yumo katika nne, na kote ni tusi. Hakuna hata mmoja mwenye miguu.

Na mimi, jamani, ndiye mwenye mjomba anayefuga nguruwe! Nilikaa kwake miezi mitano nikisubiri matokeo ya mtihani, kule pembezoni mwa Dar es Salaam ambako lami inakata tamaa. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya pumba na mashudu, kubeba ndoo za maji na kuosha sakafu. Banda lilikuwa la tofali, sakafu ya saruji, juu bati tupu. Upande mmoja kulikuwa na fahari ya mjomba: vizimba vya mabomba alivyochomelewa na fundi kwa kufuata picha. Upana sentimita 60, urefu kama mita mbili. Ndani ya kila kimoja mama nguruwe mmoja. Anasimama, analala, basi.

"Mjomba, mbona huyu hawezi kugeuka?"

"Ageuke aende wapi? Hiyo ndiyo kisasa, mwanangu. Ulaya ndivyo wanavyofuga."

Nikanyamaza. Yeye ndiye mwenye banda, na mimi nakula ugali wake.

Mimba ya nguruwe ni siku 114. Wafugaji huihesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Siku moja kabla ya kuzaa, yule mama wa kizimba cha mwisho alianza kuparua saruji kwa mguu wa mbele. Akaparua mchana kutwa. Akang'ata bomba mpaka povu likamtoka. Nilimwongezea pumba, hakugusa. Mjomba akasema ni wazimu wa uzazi, utapita.

Haukuwa wazimu, ndugu msomaji. Alikuwa anatandika kitanda. Hilo nililijua baadaye kwa kusoma. Watafiti wawili, Alex Stolba na David Wood-Gush, waliwachukua nguruwe wa kawaida wa kufugwa, wakawaachia eneo lenye miti na vichaka karibu na Edinburgh, halafu wakakaa kuwatazama. Taarifa yao ilitoka mwaka 1989. Zaidi ya nusu ya saa za mchana wale wanyama walikuwa wakichimbua ardhi kwa pua na kula majani. Kinyesi walikwenda kukitupa mbali na malazi yao. Jike aliyekaribia kuzaa alijitenga, akachimba shimo, akakusanya nyasi na vijiti akajenga kiota. Vizazi na vizazi vya kufungiwa havikuwa vimemfuta hamu hiyo.

Sasa turudi kwenye hadithi zetu. Nguruwe tunayemwandika anapenda kinyesi. Nguruwe niliyemwosha mimi alilala kwenye kinyesi kwa sababu hakuwa na hatua moja ya kwenda pembeni. Na matope je? Mnyama huyu karibu hana jasho. Mchana wa Februari, chini ya bati lisilo na dari, usipompa maji ya kujilowesha atajipaka chochote kilichopo. Sisi tunamnyima maji, kisha tunamwita mchafu, kisha tunamtumia kumtukania diwani. Diwani mwenyewe, kwa taarifa yenu, ana feni.

Sisemi nguruwe waachiwe mitaani. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu hubeba minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo yakimwingia binadamu yanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo na kumletea kifafa. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na ikiingia kijijini inaweza kumaliza mabanda yote. Kwa hiyo banda ni lazima. Ninachobisha ni kwamba banda lazima liwe jela.

Halafu hiyo Ulaya anayoisifu mjomba. Uingereza ilipiga marufuku vile vizimba vya mimba tangu 1999. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2013, ukabakiza wiki nne za mwanzo wa mimba na siku za kuzaa, na hata hilo bado wanagombana nalo. Jimbo la California lilipiga kura mwaka 2018 kukataa nyama itokanayo na vizimba hivyo, wafugaji wakaenda mahakamani, na mwaka 2023 wakashindwa katika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Yaani mtumba wenyewe wameshauvua, sisi ndio kwanza tunachomelea! Na hapa kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya 2008. Muulize jirani yako kama ameisikia.

Najua mtakachosema. Watu hawana chakula, huyu analilia kitimoto. Mzee jirani yake mjomba, mtu wa swala tano, alinijibia hilo bila kujua siku aliyosikia kelele za vitoto. Tulikuwa tunakata mikia. Mimi nawashika, mjomba ana mkasi. Mzee akasimama barabarani akauliza kuna nini. Nikamwambia wanang'atana mikia, ndiyo maana tunaikata. Akasema: "Mimi kumla ni haramu. Lakini wewe nani kakuhalalishia kumtesa?" Akaenda zake.

Tena mikia ile haikusaidia kitu. Baada ya wiki chache walihamia masikioni. Nguruwe hung'atana kwa kubanana, kwa joto, na zaidi kwa kukosa cha kufanya na pua. Dawa yake haihitaji mkopo wa benki. Maranda ya seremala, majani makavu, mabua ya mahindi; atachimbua kutwa. Dari ya makuti chini ya bati. Kona ya maji. Mnaoogopa mama asilalie watoto, na kweli huwalalia, fungeni mirunda kuzunguka ukuta, sentimita 20 hivi juu ya sakafu, watoto wapate pa kukimbilia. Gharama ya fundi wa mabomba ingelipa yote hayo ikabaki.

Kwa nini nayaleta kwenye jarida la waandishi? Kwa sababu aliyewashtua Waingereza hakuwa daktari wa mifugo. Alikuwa mwanamke aitwaye Ruth Harrison, aliyekwenda kutazama mabanda, akaandika kitabu mwaka 1964. Mwaka uliofuata tume ya serikali ikaandika kwamba mnyama awe angalau na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kugeuka! Neno lilelile nililomeza mbele ya mjomba. Yeye alitazama kwanza ndipo akaandika. Sisi tunaandika kwa kufuata picha, kama yule fundi.

Mwezi uliopita nilimwomba mjomba anipe chumba kimoja tu cha banda, kisicho na mabomba. Akaguna, akanipa, akasema kitoto kikilaliwa nitalipa. Nikatupa mizigo miwili ya nyasi kavu, nikamwingiza jike mwenye siku 112. Alizunguka mara mbili, akabeba nyasi mdomoni, akaenda nazo kona ya mbali na mlango, akarudi kuchukua nyingine. Vitoto tisa. Kimoja kilikufa, na nimelipa.

Jumamosi nakwenda tena. Aliyeandika hadithi ya diwani namkaribisha. Aje na kandambili, viatu vizuri aviache nyumbani.