Bei ya Mtaro Isipimwe kwa Mita Peke Yake



Neno letu safari hii lawahusu hasa wale wanaoshika sururu na sepetu: wachimba mitaro ya mabomba, misingi ya majengo na mashimo ya vyoo, hapa Ntimaru na katika kaunti zote mbili za Migori na Homa Bay. Kazi hiyo mara nyingi hulipwa kwa mita. Mtu hupimiwa urefu, huambiwa kina, na bei ni ile ile, udongo uwe wa namna yoyote. Sisi twasema kwamba bei hiyo moja ndiyo inayofukia watu.

Sababu ni hii. Udongo si kitu kimoja. Udongo mwekundu mgumu husimama wima kama ukuta, na kwa kusimama kwake humdanganya mchimbaji. Jua hulikausha tabaka la juu, ufa huanza hatua moja hivi kutoka ukingoni, kisha kipande kizima huanguka kwa mara moja. Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa bonde la Lambwe, hufura ukinywa maji na hupasuka ukikauka. Mchanga wa kando ya mito haungoji chochote. Humiminika pale pale unapokatwa. Tena hatari sana ni udongo uliokwisha kuchimbwa zamani ukarudishwa, kwa maana haukushikana tena. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, hata ule mgumu hugeuka.

Wako wasemao, "Udongo wa kwetu ni mgumu, haujaanguka hata siku moja." Twawajibu: kila ukuta ulioanguka ulikuwa umesimama kabla. Udongo wa mita moja kila upande una uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani, hata kichwa kikiwa nje, aweza kufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu kifua hakiwezi kutanuka.

Sasa tufanye hesabu. Huko Marekani sheria imegawa udongo katika makundi kwa kadiri ya nguvu zake, na mtaro wa kina cha mita 1.5 au zaidi lazima ukingwe, isipokuwa uwe katika mwamba mzima. Asiyeweka mbao hulaza kuta: kwa kila mita ya kina, udongo mgumu hukatwa nyuma sentimita 75 kila upande, wa kati mita 1, na mchanga mita 1.5. Chukua mtaro wa kina cha mita 2 na upana wa sentimita 60. Ukichimbwa wima, kila mita ya urefu hutoa mita 1.2 za ujazo. Ukilazwa katika udongo mgumu hutoa 4.2; katika udongo wa kati 5.2, katika mchanga 7.2. Basi kibarua anayejilinda katika mchanga afanya kazi mara sita, naye alipwa sawa na yule anayechimba wima na kuhatarisha roho yake. Ni nani mwenye watoto wa kulisha atakayechagua usalama kwa bei hiyo?

Kwa hiyo tusiwalaumu vibarua kwamba ni wazembe. Kosa limo katika mapatano ya kazi, tangu siku ile kontrakta alipoandika bei bila kuutazama udongo.

Twadai mambo manne. Kwanza, kabla ya bei kupatana, pachimbwe shimo la kujaribia, udongo utazamwe, na bei ifuate udongo. Pili, mbao za kukingia kuta ziletwe na mwajiri, wala zisikatwe katika ujira. Tatu, udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, sentimita 60 kwa uchache, na ngazi iwe karibu. Nne, mtaro ukaguliwe kila asubuhi, na tena kila baada ya mvua, na mtu anayejua kazi hiyo.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanya kazi aonapo hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na maadamu hatari ipo, mwajiri hana ruhusa kumrudisha mahali pale. Lakini mtu mmoja akikataa kushuka, jioni huambiwa asirudi kesho. Wakikataa wote pamoja, kontrakta hutafuta mbao.

Basi, ndugu, kabla ya kukubali bei, ulizeni kwanza: udongo gani? Asiyetaka kujibu swali hilo, asipewe mtu wa kushuka.