Albamu ya Wilco iliyolipiwa mara mbili
Kampuni ya Reprise ya Marekani ilipoikataa albamu ya Yankee Hotel Foxtrot mwaka 2001, ilidhani imekwepa hasara. Kundi la Wilco la Chicago, lililoanza mwaka 1994 kwa roki yenye ladha ya kantri, lilikuwa limebadili mwelekeo: magitaa yalichanganywa na kelele za mitambo na sauti zilizonaswa kutoka redio za masafa mafupi.

Wilco haikukubali kuirekebisha. Iliondoka na kanda zake na, Septemba mwaka huo, ikaiweka albamu nzima kwenye tovuti yake mashabiki waisikilize bure. Aprili 2002 kampuni ya Nonesuch iliitoa, nayo ikashika nafasi ya 13 katika chati ya Billboard.

Kinachoshangaza ni kwamba Reprise na Nonesuch zote zilikuwa chini ya AOL Time Warner. Mfuko mmoja, kwa hiyo, uliigharamia kazi ileile mara mbili.

Ni dhahiri kuwa hofu ya mabadiliko ilikuwa ya maofisini, si ya wasikilizaji. Albamu iliyofuata, A Ghost Is Born, yenye sauti ngeni vilevile, ilitwaa tuzo ya Grammy mwaka 2005.