Pengo Si Sufuri

Leo kalamu yangu inawaelekea wenzangu wa somo la tarakilishi. Mbona kila tukiona pengo tunakimbilia kulijaza sufuri?

Chukueni faili ya XML yenye alama za wanafunzi watatu. Wa kwanza ana <alama>0</alama>: alifanya mtihani akaambulia patupu. Wa pili ana <alama/>: nafasi ipo, haijajazwa, pengine mwalimu bado anasahihisha. Wa tatu hana elementi hiyo kabisa. Pengine somo lenyewe halisomi.

Sasa programu ikikwama, mtu anaandika ati "kama hakuna, weka 0". Kweli itasonga, lakini wastani utashuka, na mtoto wa watu atavuta mkia kwa mtihani ambao hakuufanya! Hiyo ni haki jamani?

Dawa si ngumu. Katika Python, ukitumia ElementTree, find hurudisha None elementi ikikosekana. Ikiwa ipo lakini ni tupu, utaipata, ila text yake ndiyo None. Basi uliza mara mbili: ipo? Ina kitu? Jibu likiwa la, usijumlishe. Andika jina pembeni, mwalimu aulizwe.

Hata katika KCSE, asiyefanya mtihani huandikiwa X, wala si sufuri. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tukisikilize kwanza kabla ya kukijaza. Kalamu yangu na itue hapo.