Imetumwa Kama Ilivyopokelewa

Wapo wanaodai kuwa mtandao ni baraza iliyohamia mkononi. Dai hilo ni tamu, na kwa hiyo limepata wafuasi wengi. Lakini ni dai la mtu anayetafuta pa kujificha.

Baraza ya mawe ya Mji Mkongwe haimruhusu msemaji kuuacha uso wake nyumbani. Anayemsengenya jirani pale Jaws Corner, kikombe cha kahawa mkononi, anajua kuwa kabla ya magharibi atakutana na kaka wa jirani huyo katika kichochoro kisichopitisha watu wawili bega kwa bega. Uongo ulikuwapo, na fitina pia (nani asiyezijua fitina za mjini?), ila zilikuwa na mwenyewe.

Na wasikilizwe basi watu wa makamo, waliorusha vishada pamoja, wanapokaa usiku kuambiana ukweli. Mmoja anakiri kuwa picha ya binti wa mtaani kwao, iliyovunja posa yake, ilimfikia, naye akaisambaza. Wa pili anasema yeye alicheka tu. Wa tatu anasema: "Tulikuwa watoto." Watoto! WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, na mabwana hawa walikwisha kuoa. Kujitetea hivyo ni kuudhulumu utoto, kwani mtoto aliyevunja kioo cha mtu kwa mpira alishikwa sikio akapelekwa mpaka mlangoni kuomba radhi.

Ngao yao kubwa ni yale maneno "imetumwa kama ilivyopokelewa". Yanashangaza yakitoka kwa waliosoma chuoni, wakafunzwa kuwa habari haikubaliwi mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani, na kila mpokezi apimwe ukweli wake na hifadhi yake. Leo mpokezi hutangaza kuwa yeye si chochote katika habari aliyoileta, na papo hapo hutaka iaminiwe.

Wengine huwatazamia wakubwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilimwekea mchapishaji wa habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Nayo imeogopwa na wanaowakosoa watawala zaidi kuliko na wasengenyaji. Mwezi Januari 2019 WhatsApp nayo ikaweka ukomo: ujumbe uliopokelewa usisambazwe kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mara moja. Lakini anayetaka kumdhuru jirani yake hahitaji watano. Wawili wanatosha, ikiwa mmoja ni mchumba wake na wa pili ni mama wa mchumba.

Yule aliyekiri amesema atakwenda kwa binti huyo, ambaye sasa ni mama wa watu. Wenzake wamemwambia ayaache yaliyopita. Mlango anaujua: uko hatua hamsini kutoka barazani, na miaka yote hii yeye hupita njia nyingine.