Mashanza ni chakula, si dawa ya kipindupindu

Bukavu, Kivu ya Kusini – Mashanza, maziwa yetu ya kuganda, ni chakula kizuri. Lakini anayeyauza kama dawa ya kila ugonjwa anawadanganya wakaaji.

Ukweli ni huu: sehemu kubwa ya chembe za kinga ya mwili iko kwenye utumbo. Bakteria wa maziwa yaliyochacha hutoa asidi inayozuia mikrobi wabaya, na aina fulani huziamsha chembe hizo. Ila kila aina ina kazi yake. Inayopunguza kuhara kwa mtoto anayemeza antibiotiki si lazima izuie kipindupindu.

Mgonjwa wa kipindupindu hupoteza maji mengi na anaweza kufa kwa saa chache. Anahitaji serumu ya kunywa na kituo cha afya, si kikombe cha mashanza.

Tena, maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, na uchachu pekee hauiui kila mara. Yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe chachu safi.

Uongo huu unapata wanunuzi kwa sababu maji safi ni haba mitaani. Viongozi wajue: kinga ya kwanza ya raia ni bomba lenye maji, na deni hilo ni lao.