Kijana wa grafiki, AI imekuja. Wewe shika milimita zako

Kama umewahi kupeleka kazi ya kuchapishwa River Road, jijini Nairobi, unaijua ile dakika. Karatasi zimetoka kwa mashine zikiwa bado moto, rangi iko fiti, mteja anapiga simu kila baada ya dakika 10. Kisha fundi anazipanga bunda moja, anaziingiza kwenye gilotini na kushusha kisu. Hapo ndipo unajua kama unaijua kazi ama ulikuwa unabahatisha.

Mimi nilijua kwa njia ngumu. Kadi za biashara 500. Safu ya kwanza safi, ya pili sawa, kufika ya tano nambari ya simu ya mteja imekatwa. Fundi hakuwa na kosa. Mimi ndiye nilizipanga kwa kipanya na macho. Pesa za kuchapisha upya zilitoka mfukoni mwangu, na mteja hakurudi tena.

Nakuambia haya kwa sababu swali la vijana wa grafiki siku hizi ni moja: AI itatuachia kibarua gani? Mteja anakuja na nembo aliyoitengeneza kwa simu akiwa ndani ya matatu. Wazo hakuulizi tena. Tusidanganyane, sehemu hiyo ya kazi imeshuka bei.

Lakini hebu angalia anachokuletea. Mara nyingi ni picha ya pikseli, yaani vinukta vya rangi. Vinukta hivyo havijui karatasi ina upana gani. Gilotini nayo haijui urembo, inajua milimita tu. Kati ya picha ile na kisu kile kuna pengo, na pengo hilo ndilo soko lako.

Tupige hesabu. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Chukua kadi ya 90 kwa 55. Mbili kwa upana zinakula 180, zinabaki 30, yaani 15 kila upande. Tano kwenda chini zinakula 275, zinabaki 22, yaani 11 juu na 11 chini. Jumla kadi 10. Weka ya kwanza milimita 15 kutoka kushoto na 11 kutoka juu. Zilizobaki usizivute kwa kipanya. Iambie programu: toa nakala, isogee 90 kulia. Kisha chukua hizo mbili, toa nakala, sogeza 55 chini. Rudia hadi zifike safu tano.

Kwenye Illustrator na Inkscape, dirisha la kazi hiyo linafunguka kwa Ctrl, Shift na M. Kwenye CorelDRAW ni Alt na F7. Illustrator ukishabonyeza Copy, Ctrl na D inarudia hatua ileile. Inkscape toa nakala kwanza kwa Ctrl na D, halafu hakikisha kisanduku cha Relative move kina tiki. Bila tiki hiyo, 90 itasomwa kama mahali pa kwenda, si umbali wa kusogea. Tena chunga upande: Illustrator na Inkscape za sasa, nambari chanya ya wima hushusha kitu, CorelDRAW hukipandisha.

Kwa nini usumbuke hivyo? Kwa sababu makosa hujumlika. Ukikosea nusu milimita kila hatua, macho hayaoni kwa skrini. Hatua nne baadaye ni milimita 2 nzima. Na kisu hakikati kadi moja moja, kinapita mstari mmoja kwenye bunda lote.

Halafu kuna bei. Tuseme mteja anataka rangi ifike hadi ukingoni. Inabidi uongeze milimita 3 kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe. Kadi sasa inashika nafasi ya 96 kwa 61, na hatua zako zinakuwa 96 na 61. Safu tano ni 305, na A4 ina 297. Haziingii! Kwa mpangilio huu zinaingia kadi 8 tu. Kadi 500 ulizomwekea bei ya karatasi 50 sasa zinahitaji 63. Hujaanza kuchapisha na ushapata hasara ya karatasi 13.

Utasema matbaa kubwa zina programu zinazopanga kazi zenyewe, na AI pia itafika hapo. Ni kweli. Lakini hata programu hizo hulishwa vipimo na mtu. Asiyejua hesabu hawezi kujua kama jibu aliloletewa ni sawa, na kadi zikikatwa vibaya mteja hataidai AI. Atakudai wewe.

Kisingizio cha pesa nacho kimeisha nguvu. Illustrator bado unailipia, sawa. Ila Inkscape imekuwa ya bure tangu 2003, na Affinity, ambayo Canva iliinunua 2024, iliachiliwa bure Oktoba 2025. Kilichobaki ni kujifunza kuiambia mashine unachotaka kwa nambari.

Kwa hivyo leo jioni jaribu hivi. Panga zile kadi 10 bila kuvuta hata moja kwa kipanya. Chapisha karatasi moja ya kawaida, na uhakikishe printa imewekwa asilimia 100, haijapunguza kazi ili itoshee. Kisha chukua rula ya shule, upime kutoka ukingo wa juu wa kadi ya kwanza hadi ukingo wa chini wa ya tano. Ukipata 275, uko tayari kusimama mbele ya gilotini na kazi ya mtu.